Uliza Mama Tiketi: Dodoma hadi Dar ni 210, 242 au 389?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za mara hii karibu zote ni za namba. Ninauza tiketi za ndege kwa mwaka wa 19 sasa, chumba kilekile karibu na soko la Majengo, jirani yangu kushoto anauza vipuri vya pikipiki na kulia kuna mama wa mihogo ya kukaanga. Hesabu zangu nyingi nimezipigia nyuma ya risiti, na kadhaa zina alama za mafuta ya mihogo. Tuanze na barua iliyonifurahisha kuliko zote.

*Shikamoo Mama Tiketi. Mimi ni fundi aluminiamu, naishi Nkuhungu. Mwezi ujao kaka yangu anamwoza binti yake huko Tabata, Dar, na nimeamua niende kwa ndege, mara yangu ya kwanza. Nimetafuta kwenye simu umbali wa Dodoma hadi Dar kwa ndege. Pa kwanza wameandika 389, pa pili 242, pa tatu 210. Kondakta wa basi ninayemfahamu ameapa kuwa ni 450. Jingine: nimesoma kuwa ndege zile za mapangaboi hukimbia kama kilomita 600 kwa saa. Nikigawanya napata dakika 39. Mbona tiketi imeandikwa saa moja na dakika kumi? Hizo dakika 31 tunakuwa wapi? Fundi wa Nkuhungu.*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa harusi. Kwanza nikutoe wasiwasi: wote wanne wamekwambia kweli, hata kondakta.

Zile namba tatu za kwenye simu ni umbali mmoja uliopimwa kwa vipimo vitatu. Kilomita ni 389. Ukizigeuza kuwa maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609, unapata 242. Ukizigeuza kuwa maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, unapata 210. Marubani hutumia hiyo ya baharini, waliyoirithi kwa manahodha. Duara la dunia limegawanywa digrii 360, na kila digrii dakika 60. Dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ndiyo maili moja ya baharini. Kwa hiyo ukiona namba ndogo kuliko ulivyotarajia, usishangilie kwamba Dar imesogea. Angalia herufi zilizoandikwa pembeni ya namba.

Kwa kuwa wewe ni fundi na penseli iko sikioni, hesabu hii unaweza kuipiga mwenyewe. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko digrii 6.17 kusini na digrii 35.75 mashariki. Ule wa Julius Nyerere, Dar, uko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111 ukienda kusini, na ukienda mashariki inapungua kidogo tu. Kwa hiyo toka Dodoma unakwenda mashariki kilomita 381 na kusini kilomita 78. Hapo una pembe mraba, kama ile unayoitafuta ukitaka kujua fremu ya dirisha imekaa sawa: 381 mara 381, jumlisha 78 mara 78, tafuta kipeo. Inakuja 389. Mtu wa Ulaya au Japani hawezi kuifanya kirahisi hivyo kwa miji yake, maana kule juu mistari ya longitudo imebanana. Sisi tumepewa dezo.

Ukikutana na mahali pameandika 397 pia usigombane nao. Hao wamepima katikati ya mji hadi katikati ya mji, mpaka kule Posta, nao uwanja wa Dar uko kama kilomita 12 kabla ya kufika Posta ukitokea huku kwetu.

Sasa kondakta. Basi haliruki milima ya Ukaguru. Linatoka Nzuguni, linapita Chamwino, Kibaigwa, Gairo, Dumila, linashuka Morogoro pale Msamvu, halafu Chalinze, Mlandizi, Kibaha, ndipo Mbezi. Mstari ulionyooka wa Dodoma hadi Dar unapita kama kilomita 30 kaskazini ya Morogoro mjini, lakini barabara lazima ikaisalimie Morogoro. Ndiyo maana 389 inakuwa 450. Na basi lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kwenye vijiji 50. Ongeza na yule abiria ambaye chipsi zake zinakaangwa gari likiwa tayari linapiga honi.

Sasa dakika zako 31. Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi ndege ikiwa hewani. Ukifika uwanjani angalia magurudumu ya ndege iliyosimama: utaona kabari mbili zimeyabana mbele na nyuma, kama za lori lililoegeshwa mlimani. Saa ya tiketi huanza pale kabari zinapotolewa na ndege kuanza kusogea, na huisha pale Dar ndege ikisimama na kabari kurudishwa. Katikati yake mna kutambaa kwenda mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, kuruka, kupanda, kushuka, kujipanga na kutambaa tena. Ile 600 yako unaipata katikati tu. Wakati wa kupanda ndege iko taratibu, wakati wa kushuka inapunguza mwendo mapema, na kwa safari fupi kama hii kupanda na kushuka ndiyo sehemu kubwa ya safari. Hamjamaliza hata maji mliyopewa, rubani anatangaza mnashuka. Dar nako ni uwanja wenye shughuli. Mkikuta wenzenu wawili wako mbele, mtazungushwa kidogo.

Upepo nao una sehemu yake. Kanda yetu ya kati upepo mwingi hutoka mashariki (wewe fundi wa madirisha unajua vumbi la Dodoma linaingilia upande gani). Kwenda Dar unaupiga kifua, kurudi unakusukuma mgongoni. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unaleta tofauti ya kama dakika tano kati ya kwenda na kurudi. Na mashirika, wakijua yote haya, huongeza dakika chache za akiba kwenye ratiba ili wakichelewa kidogo waonekane wamewahi. Hilo siwalaumu, hata mimi nikimwahidi mteja saa nne huwa nimepanga saa tatu na nusu.

Lakini mwanangu, muda wa tiketi sio muda wa safari. Nikuambie ya kwangu.

Julai iliyopita mimi na mdogo wangu tulikuwa na sherehe ya mpwa wetu kwa shangazi, Ilala. Mdogo wangu hunitania kuwa nauza hewa. Tukawekeana dau: yeye apande treni ya SGR, mimi ndege, siku ileile. Kila mtu aandike saa anayofunga mlango wa nyumba yake Dodoma na saa anayobisha hodi kwa shangazi. Dau lilikuwa kreti moja ya soda.

Nilifunga mlango wangu Area C saa 1:10 asubuhi. Bodaboda ilinifikisha uwanjani kwa dakika tisa, maana uwanja wetu uko mjini kabisa, pengine hiyo ndiyo raha yake kubwa. Ndege ilikuwa ya saa 3:00. Nikakaa. Saa 3:00 ikafika, ikapita, hakuna aliyetuambia kitu. Kuna baba mwenye suti alikuwa anasimama kila baada ya dakika mbili kuchungulia kioo kama vile ndege itamwona yeye ije. Kabari zilitolewa 3:25. Zilirudishwa Dar 4:31. Dakika 66, ndani ya ahadi ya tiketi kabisa! Kisha nikasimama mbele ya mkanda wa mizigo nikitazama boksi moja la zabibu lililofungwa kwa kamba ya katani likizunguka mara nne bila mwenyewe. Begi langu lilitokea 4:58. Nje teksi, barabara ya Nyerere, foleni kabla ya Tazara, foleni baada ya Tazara. Nikabisha hodi Ilala saa 5:52. Toka mlango hadi mlango ni saa nne na dakika 42.

Mdogo wangu alifunga mlango wake Kizota saa 12:20. Treni ilimchukua saa tatu na dakika 45, ikamshusha katikati ya mji, akapanda bajaji, akabisha hodi saa 5:35. Saa tano na robo. Kwa hesabu nilimshinda kwa dakika 33. Ila nilipoingia alikuwa ameshamaliza sahani ya kwanza ya pilau na shangazi anamwongezea, kwa hiyo kreti ya soda bado tunabishania.

Nayasema haya nikijua yanabomoa duka langu. SGR ilianza kubeba abiria wa Dar hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, inafika kilomita 160 kwa saa, na tangu hapo wateja wangu wa Dar wamepungua kwa macho. Zamani ndege ilikuwa inashindana na basi linalotumia saa nane njiani, hapakuwa na mchezo. Leo dakika 39 za hesabu yako zimebaki kuwa nusu saa ya faida, nayo inapotea foleni moja ikikukamata. Na safari za ndege zikihamia Msalato, kwenye ule uwanja wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6 huko barabara ya Kondoa, zile dakika zangu tisa za bodaboda nazo zitakwisha.

Kwa hiyo nenda kwa ndege kwa sababu ni mara yako ya kwanza na unataka kuiona nchi yako kutoka juu. Sababu hiyo inatosha, usitafute nyingine. Ila bisibisi, visu na zile bledi zako za kukatia weka kwenye begi kubwa la kwenda chini. Ukiziacha kwenye begi la mkononi zitabaki Dodoma na utalia.

*Mama Tiketi, habari za kazi. Nina tiketi ya kwenda Mwanza likizo, lakini inapitia Dar. Kwenye ramani Mwanza iko upande mwingine kabisa. Huku si kunizungusha? Mwalimu, Ipagala.*

Njema mwalimu. Ni kuzungushwa, ndiyo. Dodoma hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 519. Wewe utakwenda 389 hadi Dar, halafu 851 toka Dar hadi Mwanza, jumla 1,240, na mkirudi huku mtapita kaskazini ya Dodoma mkiwa juu. Ndege hukusanya watu pale walipo wengi. Muulize anayekuuzia siku gani kuna ya moja kwa moja, maana ratiba hizi hubadilika kila msimu. Kama hakuna, angalia utakaa Dar saa ngapi. Ikizidi saa nne, mimi ningepanda basi la alfajiri kupitia Singida na Nzega: karibu kilomita 700, na jioni uko kwa mama unakula sato.

*Mama Tiketi, salaam. Mimi ni mzee mstaafu wa hapa Kondoa, nampeleka mke wangu kutibiwa India. Tiketi ya kwenda inasema tunatoka Dar 17:30 na kufika Mumbai 02:05. Ya kurudi, tunatoka Mumbai 04:10 na kufika Dar 07:45. Kwenda ni saa nane na nusu na zaidi, kurudi saa tatu na nusu. Je, ndege ya kurudi ni ya aina nyingine yenye kasi zaidi? Mzee wa Kondoa.*

Shikamoo mzee wangu, na poleni kwa kuuguza. Mungu amjalie mama afya.

Ndege inaweza kuwa ileile na kasi ileile. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ule ilipoandikiwa. Saa ya kutoka Dar ni ya ukutani Dar, saa ya kufika Mumbai ni ya ukutani Mumbai, na India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo kwenda, toa: toka 17:30 hadi 02:05 ni saa nane na dakika 35, ukitoa saa mbili na nusu inabaki saa sita na dakika tano. Kurudi, ongeza: saa tatu na dakika 35, ukiongeza saa mbili na nusu ni saa sita na dakika tano vilevile. Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,680, kwa hiyo saa sita inaingia akilini.

Nusu saa hiyo ya India huwashangaza wengi. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na wao wamepanga saa yao kwa mstari wa digrii 82.5 mashariki, ambao ukigawanya kwa 15 unapata tano na nusu. Sisi tunatumia mstari wa digrii 45, unaotoa tatu kamili. Tofauti ndiyo hiyo mbili na nusu.

Sasa mzee wangu, naomba usome sehemu hii mara mbili, hata umsomee na mwanao atakayewasindikiza. Tiketi haijui saa zetu za Kiswahili. 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. 07:45 ni saa moja na dakika 45 asubuhi. Namba za asubuhi na mchana, toa sita. Zile za kuanzia 19:00 jioni, toa kumi na nane. Zile za usiku wa manane, 00 hadi 06, ongeza sita. Na ikianza na 00 au 01 au 02, jua kuwa tarehe imeshageuka: sisi tunauita usiku wa jana, wao wanauita leo.

Nasisitiza kwa sababu nina kidonda. Mwaka wangu wa tatu wa kazi nilimkatia mzee mmoja tiketi ya 06:20 kwenda Dar. Nikamwambia, "Ndege yako ni sita na ishirini." Nilisoma namba kama ilivyo, mdomo ulitangulia akili. Mzee akaja uwanjani saa tano na robo mchana, kavaa koti, kapakata kikapu cha ubuyu kwa wajukuu, amewahi kwa lisaa lizima. Ndege ilikuwa imeruka saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, yeye akiwa bado anakamua ng'ombe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Binti, kumbe sita zipo mbili." Nilimlipia tiketi nyingine kwa mshahara wangu, na tangu siku ile juu ya kila tiketi ninayotoa naandika kwa kalamu, kwa mkono, kwa maneno: saa kumi na mbili na dakika ishirini ASUBUHI. Mwambie aliyewauzia awaandikie hivyo.

*Mama Tiketi, hili si la ndege lakini wewe unajua habari za saa. Ramadhani tukiwasha redio ya Dar wanafuturu sisi bado tunaliona jua. Mume wangu anasema ni yaleyale, nchi moja saa moja. Mama wa wawili, Chang'ombe ya Dodoma.*

Mwambie asionje hata tende. Saa ni moja, jua si moja. Digrii moja ya kwenda magharibi hulichelewesha jua dakika nne. Kati ya Dar na Dodoma ni digrii tatu na nusu kasoro, kwa hiyo jua lile lile lililozama Dar linawafikia ninyi baada ya kama dakika 14. Fuateni muda wa msikiti wenu. Na utosini nako ni hivyohivyo: kwa wastani jua la Dodoma husimama utosini saa sita na dakika 37, sio sita kamili. Ukichukua dakika hizo 14, jua linatoka Dar hadi Dodoma kabla ndege haijamaliza kupanda, bila kupima mizigo.

*Mama, mimi nataka kujua kitu kimoja. Kwenda Dar nikae dirisha la upande gani? Msichana wa Miyuji.*

Kulia, binti yangu. Mkishapita milima ya Ukaguru anza kutazama. Uluguru inasimama upande huo, Morogoro imelala miguuni pake, na asubuhi mara nyingi kilele kimefunikwa na wingu ila mabonde unayaona. Kurudi, kaa kushoto.